Kuuza, Kuuzisha, Kutumika: Msamiati wa Msanii wa Kujitegemea Mjini Lubumbashi

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu maneno matatu ya Kiswahili cha Lubumbashi na karatasi moja iliyoandikwa vibaya. Maneno hayo ni kuuza, kuuzisha na kutumika. Karatasi yenyewe iliandikwa na mwandishi wa makala haya, mhadhiri msaidizi mwenye lisansi ya isimu, kwa nia njema kabisa, nayo ikamfanya mchoraji mmoja wa mtaa wa Makomeno apoteze sehemu ya malipo ya jasho lake.

Kwa muda mrefu Kiswahili cha Katanga kimetazamwa na wataalamu kama lahaja ya kuelezwa: sauti zake, viambishi vyake, upatanisho wake wa kisarufi, na namna kinavyochanganywa na Kifaransa katika mazungumzo ya kila siku. Kazi hizo ni za thamani, na sisi tuliosomea Lubumbashi tumelelewa nazo. Hata hivyo, ni mara chache lahaja hii imetazamwa kama chombo ambacho mtu hukishika mkononi ili apate riziki, kama vile seremala anavyoshika randa. Katika makala haya tunakusudia kuitazama hivyo. Tutajiuliza: mtu anayeishi kwa ubunifu wake bila kuajiriwa na yeyote, yaani mchoraji wa picha, mwandishi wa mabango, mpiga picha, mbunifu wa mavazi au mwigizaji, anahitaji maneno gani ili kazi yake iheshimiwe na kulipwa? Maneno aliyorithi kutoka kwa wazee wake yanamfaa kwa kiasi gani? Na je, sisi wa chuo kikuu tunaweza kumsaidia bila kumharibia?

2. Karatasi ya Makomeno

Katika sehemu hii naomba kusema kwa nafsi ya kwanza umoja, kwa kuwa kosa lilikuwa langu peke yangu.

Makomeno ni mtaa wa komini ya Lubumbashi. Jirani yangu hapo ni kijana mchoraji. Hufanya picha za kutundika, huandika majina ya maduka, na msimu wa masomo unapoanza hupamba kuta za shule za watoto. Miaka michache iliyopita mwenye baa moja alimwagiza picha tatu kwa bei ya dola 120. Walipatana kwa maneno matupu, kama ilivyo desturi. Picha zilipokamilika, mwenye baa alilipa dola 70, akaahidi kumaliza dola 50 zilizobaki mwezi uliofuata. Jirani yangu, ambaye alikwisha kuumwa na nyoka wa namna hiyo, alitaka maandishi. Akaja kwangu jioni na daftari la shule, akasema: «Yaya, andika weye. Weye njo unajua Kiswahili ya mu kitabu.»

Niliandika kwa fahari. Niliandika kwamba yeye, kwa jina lake kamili, ameuza picha tatu kwa baa ile. Kwamba bei ni dola 120. Kwamba dola 70 zimelipwa. Na kwamba deni lililobaki ni dola 50. Wote wawili walitia sahihi. Mwenye baa hakusoma kwa makini, kwa maana yeye alikwisha kujua kilichopatanwa.

Kabla ya mwezi kwisha mwenye baa alihamia mji mwingine, akamwachia mtu mwingine biashara pamoja na makaratasi yake yote. Jirani yangu alipokwenda kudai, msimamizi mpya aliifungua karatasi yangu, akaisoma kwa sauti mbele ya watu, kisha akamwambia kwamba mwenye deni ni yeye mchoraji. Karatasi, alisema, inasema wazi kwamba mchoraji ndiye aliyeuza picha kwa baa, akalipa dola 70, na bado hajamaliza dola 50. Ndiyo maana picha hazijaondoka ukutani. Hakuwa na hila. Alisoma Kiswahili cha mji wake, na kwa Kiswahili hicho alisoma sawasawa. Tena picha zenyewe hazikuwa na sahihi ya mchoraji, kwa sababu mwenye baa wa kwanza hakupenda jina la mtu mwingine lionekane ukutani kwake.

Nilikwenda mwenyewe kueleza. Msimamizi alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza kama mimi ndiye niliyeandika. Nikakubali. Akasema kwamba ikiwa mwandishi wa karatasi analazimika kuja kueleza karatasi, basi karatasi hiyo si kitu. Dola 50 zile hazikulipwa.

3. Mantiki ya kuuza na kuuzisha

Msomaji aliyezoea Kiswahili sanifu atakuwa ameona kiini cha mkanganyiko. Tulinganishe:

(a) Kiswahili sanifu: kununua (kutoa fedha na kupokea kitu), kuuza (kutoa kitu na kupokea fedha).
(b) Kiswahili cha Lubumbashi: kuuza (kutoa fedha na kupokea kitu), kuuzisha (kutoa kitu na kupokea fedha).
(c) Kibemba: ukushita (kutoa fedha na kupokea kitu), ukushitisha (kutoa kitu na kupokea fedha).

Umbo lile lile, kuuza, lina maana mbili zinazopingana katika lahaja mbili za lugha moja. Si tofauti ya matamshi ambayo msikilizaji huirekebisha moyoni na kuendelea. Hapa aliyetoa anageuka kuwa aliyepokea, na mdai anageuka kuwa mdaiwa. Kihusishi kwa hakikusaidia kitu katika sentensi yangu: «kuuza kwa baa» kwa msomaji wa pwani ni kumpa mwenye baa bidhaa, kwa msomaji wa Lubumbashi ni kuichukua bidhaa pale kwenye baa.

Wapo watakaosema haraka kwamba watu wa Lubumbashi wamekosea. Hatukubaliani nao. Mfano (c) unaonyesha kwamba wasemaji wa lugha za jirani, hasa Kibemba, walikuja mjini na mpangilio wao: kitenzi kimoja kwa mpokeaji wa bidhaa, na kitenzi hicho hicho chenye kiambishi cha kusababisha kwa mtoaji. Mpangilio huo haukuwa mgeni kwa Kiswahili chenyewe. Kiswahili sanifu nacho kina kukopa na kukopesha, kukodi na kukodisha, kupanga nyumba na kupangisha nyumba. Kwa mizani hiyo, kuuza na kuuzisha vya Lubumbashi vimefuata kanuni ambayo lugha nzima inaifahamu. Jambo la kujilaumu si lahaja hiyo. Ni kwamba mtu aliyefunzwa isimu aliiacha lahaja ya wenye shughuli, akawaandikia wenye shughuli kwa lahaja ya vitabu.

4. Kutumika: lugha iliyokulia katika kampuni

Neno la tatu linatupeleka mbali zaidi nyuma. Mtu akitaka kukufahamu Lubumbashi, aghalabu hukuuliza: «Unatumikaka wapi?» Kiambishi tamati -ka kinaonyesha mazoea, swali ni hili: kazi yako ya siku zote unaifanyia wapi? Katika Kiswahili sanifu, kutumika kunamaanisha hasa kuwa chombo cha matumizi, au kumtumikia mtu. Mjini kwetu kutumika ndiko kufanya kazi. Na swali halisemi «unafanya nini», linasema «wapi», yaani kwa mwajiri gani.

Historia ya mji inaeleza mengi. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli kutoka kusini ilipoufikia. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za wafanyakazi. Mwajiri alitoa mshahara, alitoa nyumba, alitoa posho. Johannes Fabian, aliyefanya utafiti wake Katanga, alichapisha mwaka 1973 uchunguzi wa neno kazi miongoni mwa wafuasi wa Jamaa, jumuiya ya kidini iliyostawi katika kambi hizo, akaonyesha jinsi neno hilo lilivyobeba fikra nzito kuliko ile ya kutoa nguvu na kupokea fedha. Mtu mwenye kazi alikuwa mtu mwenye mahali pake.

Mahali hapo palibomoka. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, na kampuni iliyoirithi, Gécamines, iliporomoka sana katika miaka ya 1990. Kuanzia mwaka 2003, katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliiacha kampuni hiyo. Watoto wao wengi ndio mafundi na wasanii tunaowaona leo wakijitafutia. Lakini swali limebaki lile lile: unatumika wapi? Msanii wa kujitegemea akijibu kwamba anajifanyia kazi yake mwenyewe, msikilizaji huelewa kwamba hana kazi.

Madhara yake si ya heshima tu, ni ya mfukoni pia. Mteja ambaye moyoni mwake hakubali kwamba kuchora ni kutumika huhesabu anachotoa kama msaada, au kama matabishi, yaani kile kidogo mtu anachoongeza kwa hisani yake. Matabishi hayana kiwango wala tarehe, na mtu hawezi kuyadai. Kwa hiyo sharti la kwanza la msanii ni kuling'oa neno malipo kutoka katika familia ya msaada na kulirudisha katika familia ya kazi. Hilo hufanywa kwa maneno kabla ya kufanywa kwa fedha.

5. Wachoraji waliotangulia na majina waliyozipa kazi zao

Lubumbashi si mji usio na kielelezo katika jambo hili. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Hapo walifanya kazi wachoraji kama Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga, kila mmoja kwa mkono wake: Bela kwa ncha za vidole, Mwenze kwa mistari mifupi iliyosongamana, Pilipili kwa ndege, samaki na nyoka. Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954, karakana yake iliingizwa katika chuo cha sanaa ambacho Laurent Moonens alikuwa amekianzisha mwaka 1951. Wachoraji hao walikuwa na mlezi, na mlezi ndiye aliyesimama baina yao na wanunuzi.

Kizazi kilichofuata hakikuwa na mlezi. Katika miaka ya 1960 na 1970 walitokea wachoraji waliouzia watu wa mjini wenyewe: makarani, walimu na wafanyakazi wa kampuni, waliotaka picha za kutundika sebuleni. Maarufu kati yao ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akabeba picha zake mwenyewe kwa wanunuzi. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alimfanyia Fabian mfululizo wa picha 101 za historia ya nchi, naye akazieleza kwa Kiswahili. Picha hizo na mazungumzo yao vilichapishwa mwaka 1996 katika kitabu Remembering the Present. Habari zake zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mambo mawili katika mwenendo wa wachoraji hao yanatuhusu hapa. Kwanza, kazi zao zilikuwa na majina ambayo mchoraji na mnunuzi waliyafahamu kwa pamoja. Mtu aliweza kuagiza mamba muntu, yaani nguva wa majini, au Colonie Belge, picha ya gereza na kiboko ya enzi ya ukoloni, bila kueleza zaidi. Juu ya majina hayo lilikaa neno ukumbusho: picha nzuri ni ile inayomkumbusha mtazamaji na kumfanya aanze kusimulia. Msamiati huo ulifanya kazi ya orodha ya bidhaa. Kitu chenye jina kina bei ya kulinganishwa, na kisicho na jina kila mteja hukipangia bei yake. Pili, Tshibumba hakujiita mchoraji tu, alijiita pia mwanahistoria. Kwa jina hilo alidai kwamba mteja anapata elimu pamoja na rangi. Naye alitia sahihi picha zake, jambo ambalo jirani yangu wa Makomeno aliliachia kwa ombi la mteja, akalijutia.

6. Jumuiya

Msanii wa kujitegemea yuko peke yake anapofanya kazi, lakini si lazima awe peke yake anapopatana bei. Hapa pia mji wetu una kumbukumbu. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani kilitoa maandishi yaitwayo Vocabulaire de Ville de Elisabethville, yaliyotungwa na André Yav kwa Kiswahili cha mji. Licha ya jina lake, si kamusi. Ni historia ya mji kama ilivyoonekana kutoka jikoni na uani kwa mabwana. Fabian aliyachapisha upya kwa maelezo mwaka 1990. Tunachotaka kukisisitiza ni kwamba watu wasiohesabiwa kuwa waandishi walikaa kama chama, wakaandika kwa Kiswahili chao wenyewe, bila kusubiri ruhusa ya wenye sarufi. Kikundi cha maigizo cha Mufwankolo nacho kilifanya vivyo hivyo jukwaani, redioni na katika televisheni, na Kiswahili chake kimekuwa hazina ya watafiti.

Katika karne hii zimeongezeka jumuiya nyingine. Mwaka 2008 wasanii wa Lubumbashi, akiwamo mpiga picha Sammy Baloji, walianzisha Picha, ambayo ndiyo iliyoleta maonyesho ya kimataifa ya mji huu yanayoitwa Biennale de Lubumbashi. Kituo cha sanaa cha Waza, kinachohusishwa na jina la Patrick Mudekereza, kimekuwa mahali pa kufanyia kazi, kusoma na kujadiliana. Mwanaisimu hatakosa kuona kwamba vituo vyote viwili vilichagua neno la Kiswahili kuwa jina.

Je, jumuiya humpa nini msanii ambaye hatarajii kualikwa katika maonyesho ya kimataifa? Kwa maoni yetu, mambo matatu. La kwanza ni kujua bei: wachoraji kumi wakiambiana walicholipwa, hakuna mteja atakayeweza kumwambia wa kumi na moja kwamba wenzake wote hukubali nusu. La pili ni ushahidi, kwa maana mapatano yaliyofanywa mbele ya mwenzako wa kazi ni magumu kukanushwa. La tatu ni kuazimana vifaa, kama ngazi, kamera au kompyuta ya kupangia herufi, ambavyo kila mmoja peke yake hawezi kuvinunua. Yote matatu hayahitaji ofisi wala muhuri. Yanaweza kuanza kwa wachoraji watano wa mtaa mmoja wanaokutana Jumapili alasiri.

7. Zana nne

Baada ya kisa cha baa tulikaa, mchoraji na mimi, tukajaribu kuorodhesha vitu ambavyo vingemwokoa. Tulipata vinne.

Cha kwanza ni karatasi ya mapatano yenye vitenzi visivyo na sura mbili. Tuliondoa kuuza, kuuzisha na kununua, tukabakiza kufanya, kupa, kulipa na kubaki, ambavyo lahaja zote mbili zinakubaliana juu yake. Tuliondoa pia maneno ya jumla kama mteja, tukarudia majina ya watu kila mara, hata kama masikio ya mwalimu wa insha yataumia. Jina la mtu halina lahaja. Matokeo yalikuwa hivi:

«Leo tarehe fulani, Fulani mchoraji na Fulani mwenye baa wamepatana. Fulani mchoraji atafanya picha tatu, naye atampa Fulani mwenye baa. Fulani mwenye baa atamlipa Fulani mchoraji dola 120. Leo Fulani mwenye baa amempa Fulani mchoraji dola 70 mkononi. Zimebaki dola 50. Fulani mwenye baa atampa Fulani mchoraji hizo dola 50 siku picha zitakapofika. Picha ni za kutundika ukutani. Kuzichapa kwenye nguo, kalenda au tangazo kunahitaji mapatano mengine.»

Msomaji aone kwamba kila sentensi inayotaja fedha zinazotolewa ina mtoaji na mpokeaji. Neno deni halimo kabisa, kwa kuwa deni, likiandikwa bila kumtaja mwenyewe, ni kama jiwe lililotupwa hewani: litamwangukia yeyote. Kwa kuwa lugha rasmi ya nchi ni Kifaransa, ni vema kuwe na nakala ya Kifaransa pia, kwa siku ambayo shauri litafika mbele ya wakubwa. Lakini karatasi ambayo watiaji sahihi wenyewe hawaielewi inawaweka mikononi mwa mfasiri.

Cha pili ni daftari. Kongo ilijiunga na OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, mwaka 2012. Sheria hizo zinamtambua mtu mmoja anayefanya shughuli yake ndogo kwa kujiandikisha tu, naye kwa Kifaransa anaitwa entreprenant. Zinamtaka aandike siku kwa siku fedha zilizoingia na zilikotoka, fedha zilizotoka na zilikokwenda, na kulitunza daftari hilo kwa miaka 5 angalau. Hata asiyejiandikisha atafaidika na desturi hiyo. Mchoraji akiandika kila siku bei ya rangi, kitambaa na nauli, atajua ni kiasi gani cha dola 120 kilikuwa gharama na ni kiasi gani kilikuwa ujira wake. Hapo ndipo ataweza kudai kwamba malipo ya awali yasipungue gharama ya vifaa, na kwamba kila mapatano yataje kama ni dola au faranga, kwa kuwa thamani ya faranga hubadilika kati ya siku ya kuagiza na siku ya kulipa.

Cha tatu ni simu. Fedha zinazotumwa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money huacha ujumbe wenye kiasi, tarehe na utambulisho wa aliyetuma. Ujumbe huo ni stakabadhi ambayo hakuna aliyeitunga, na kwa hiyo hakuna lahaja ya kuipotosha. Simu hiyo hiyo hupiga picha ya kazi ikiwa bado karakanani, pamoja na mchoraji mwenyewe kando yake.

Cha nne ni sahihi juu ya kazi, pamoja na kuelewa kwamba kitu na haki ni mambo mawili. Sheria-amri nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi nchini, na ulinzi huo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Tangu mwaka 1969 chama cha kusimamia haki hizo kilikuwa SONECA. Mwaka 2011 iliidhinishwa kuundwa kwa SOCODA. Msingi wa haki ya mtunzi ni kwamba aliyelipia picha amepata turubai. Hakupata kwa hilo ruhusa ya kuizidisha na kuifanyia biashara. Kiswahili chetu hakina bado neno moja jepesi la kueleza tofauti hiyo. Ndiyo sababu sentensi mbili za mwisho za karatasi yetu zinaieleza kwa vitendo: kutundika ni mapatano haya, kuchapa ni mapatano mengine. Nani asiyeelewa?

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba matatizo ya msanii wa kujitegemea mjini Lubumbashi yana upande wa lugha ambao wanaisimu tunaweza kuushughulikia. Kitenzi kutumika kinamnyima jina la kazi. Kitenzi kuuza, kikiandikwa bila kujali lahaja, kinaweza kumgeuza mdaiwa. Na malipo yasiyotenganishwa na matabishi hayadaiki. Kwa upande mwingine, mji huu huu ulizaa wachoraji waliojua kuzipa kazi zao majina, na watumishi wa nyumbani waliojiandikia historia kwa Kiswahili chao.

Tunapendekeza, basi, kwamba wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu waende katika karakana na kukusanya msamiati wa mapatano: maneno ya kuagiza, ya kupunguza bei, ya malipo ya awali, ya kuchelewa, ya kukataa kazi. Kila neno lipimwe kwa swali moja: je, watu wawili wanaogombana wakilisoma, watalielewa sawa? Kamusi inayojibu swali hilo haijaandikwa, na wenye kuihitaji wako karibu nasi kuliko tunavyodhani.

Nami nilimwendea jirani yangu nikataka kumlipa dola 50 kutoka mfukoni mwangu. Alikataa. Alisema kwamba hakunifanyia picha mimi. Aliomba badala yake nimwandikie karatasi nyingine, kwa ajili ya kazi mpya aliyoipata: ukuta wa shule ya watoto wadogo. Safari hii niliandika polepole, yeye akinisahihisha. Kisha tulimpa mwenye shule aisome kwa sauti, tukamwomba atueleze kwa maneno yake mwenyewe nani atampa nani nini. Alieleza sawasawa. Malipo ya mwisho yalichelewa siku mbili, lakini yalifika.